Geji ya Lori la Tupendane

Twalibu bin Mfaume alikuwa fundi saa, na mimi Lukumani ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na sita tulikaa baraza moja mtaa wa Gongoni, mjini Tabora. Yeye kulia, mimi kushoto, na katikati yetu mtungi wa maji ambao kila mmoja aliamini ni zamu ya mwenzake kuujaza. Sasa hayupo, na watu wakimtaja humtia sukari. Mimi sitamtia. Nilimpenda vilevile alivyokuwa, na alikuwa mtu wa kuudhi.

Kazi ya saa alifundishwa na Mhindi mmoja wa mjini, ambaye mwaka uliofuata Azimio la Arusha alifunga duka akahama na wanawe. Alimwachia Twalibu meza, vikoleo vya kila saizi, na ile lenzi nyeusi ya kubana jichoni. Kilichokosekana ni saa. Madukani hazikuja tena, na wenye nazo walizivaa mpaka zikafa, wakaona heri kuuliza wapita njia. Twalibu alikuwa karibu kuiuza meza yenyewe, hadi dereva mmoja wa lori la pamba kutoka Igunga alipomletea geji ya mafuta iliyokwama mshale, akamwuliza kama hiyo nayo si saa ya namna yake. Twalibu aliifungua, akakuta kijiwaya chembamba kama unywele kimekatika, akakiunga. Haukupita mwaka meza yake ikawa na geji nyingi kuliko saa: za mafuta, za joto la injini, za oili, za chaji ya betri. Babu yake alikuwa mpagazi, aliyetembea na mzigo begani kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi. Mjukuu hakwenda popote. Wasafiri wa njia ileile walimfuata barazani. Jina la Fundi Saa likabaki palepale.

Tabia yake ya kazi ilikuwa hii: kabla hajashika bisibisi aliuliza, "Mara ya mwisho nani aligusa nini?" Aliamini geji haifi yenyewe. Kila geji iliyokufa, alisema, ina mtu aliyeiua akiwa na spana mkononi na nia njema moyoni. Na kweli miaka ile kila mtu alikuwa fundi. Vipuri havikuwapo, redio ilituhimiza kujitegemea asubuhi na jioni, na tukajitegemea hadi kwenye vitu tusivyovijua. Siku moja lililetwa lori ambalo ukiwasha taa geji zote zinapanda mpaka mwisho, kana kwamba injini inaungua na tenki limejaa kwa wakati mmoja. Mwenyewe alikuwa amebadilisha geji mbili bure. Twalibu aliuliza swali lake, akaambiwa lori lilipakwa rangi mpya kwa ajili ya Saba Saba. Akaingia chini, akaikuta waya ya ethi, ile inayourudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari, imefungwa juu ya rangi. Alikwangua rangi upana wa sarafu, akaikaza, geji zikatulia. Halafu alimtukana mwenye lori kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake. Alijua kazi, na mtu yeyote aliyejua kidogo kuliko yeye, Twalibu alimwona mzembe. Kasoro ya pili: akiwa na lenzi jichoni hakuinua uso. Ungemsalimu, ungemwuliza bei, ungemwambia nyumba yake inaungua, angekujibu akiwa ameinama kwenye meza, kwa neno moja au mawili. Mkewe, Mwanamkuu, alikuwa akimletea chakula na kukiweka juu ya kazi yake kabisa, juu ya vile vigurudumu, ili amwone.

Mwezi wa saba mwaka 1976, katikati ya msimu wa tumbaku, alikuja mwanamke pale barazani, vumbi la garimoshi kwenye kitenge chake. Alisema anaitwa Veneranda, anatoka Kijiji cha Ujamaa Tupendane, ndani huko kutoka stesheni ya Usinge. Alikuwa na barua yenye mhuri wa kijiji. Mhuri ulikuwa mkubwa kuliko maneno. Katibu wa kijiji, Ndugu Damas, alimwomba Fundi Saa afike kukagua geji ya mafuta ya lori la kijiji na kutoa ushahidi kama imeharibiwa kwa makusudi.

Veneranda alieleza yale ambayo barua haikueleza. Mumewe, Modest, ndiye dereva wa lori hilo tangu kijiji kilipolipata, mwaka wa tano sasa. Wiki iliyopita, kwa safari ya kwanza tangu litengenezwe, lori lilitiwa madebe sita ya dizeli mbele ya watu, likapakiwa tumbaku, Modest akaenda nalo Urambo. Utingo wake alikuwa na homa, kwa hiyo alikwenda peke yake. Safari hiyo hula madebe matatu, hata ukiendesha ovyo. Aliporudi, katibu alizamisha kijiti kwenye tenki, kikatoka kimelowa ncha tu. Modest akasema hajui dizeli ilikokwenda, maana geji haikufanya kazi tangu siku ile lori lilipotengenezwa pale kijijini. Kamati ya kijiji ikajibu kwamba geji haikufanya kazi kwa sababu yeye ameikata, ili aibe bila kuonekana. Wakamfungia kwenye ghala la tumbaku na mgambo mlangoni. Jumatatu angepelekwa polisi, na kosa lingeitwa hujuma. Wakati ule neno hilo likishakuingia, hata ukitoka unatoka nalo.

Twalibu alimsikiliza, na safari hii aliinua uso, kwa sababu hakuwa na lenzi. Akamwambia, "Mama, nitakuja. Lakini nikwambie mapema. Miaka saba nawajua madereva. Dizeli haiyeyuki. Ikitoka tenki moja, imeingia tenki jingine."

"Basi ulitafute hilo tenki jingine," Veneranda akasema. "Ukiliona, mimi mwenyewe nitampeleka Urambo."

Nilikwenda nao. Tupendane walikuwa wameagiza sare za shule kwangu, na vipimo vya watoto vilikuwa bado. Lakini sitaficha kwamba nilitaka pia kuona. Tulipanda garimoshi alfajiri, na njia nzima Twalibu alinieleza mbinu za madereva: mpira wa kunyonyea, dumu chini ya kiti, mchepuko wa chai pale Kaliua. Aliyaeleza kwa sauti, na Veneranda alikuwa amekaa benchi la mbele yetu. Nilimkanyaga mguu mara mbili. Akaniuliza kwa nini namkanyaga.

Tulifika kijijini jua likiwa la utosi. Ndugu Damas alitupokea, mtu mrefu mwembamba mwenye daftari, mkweli kwa kadiri nilivyomwona, na mwenye hofu. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amewaandikia wakubwa wake wa wilaya kwamba lori la Tupendane limekarabatiwa na wanakijiji wenyewe, kwa moyo wa kujitegemea, bila senti moja ya serikali. Sasa wakubwa walikuwa wanasubiri tumbaku, na lori lilikuwa limekauka. Modest alitolewa ghalani ili awepo wakati wa ukaguzi. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, unga wa tumbaku kwenye nywele, macho mekundu kwa ukali wa majani makavu. Alimpa Twalibu shikamoo. Twalibu aliitikia marahaba kama mtu anayetema kokwa, akaenda moja kwa moja kwenye lori.

Alianza mbele. Alifungua kibao cha geji, akachungulia nyaya kwa tochi, Damas kasimama nyuma yake kalamu mkononi, akingoja aonyeshwe waya iliyokatwa. Haikuwapo. Twalibu alikuwa na balbu ndogo ya tochi aliyoiunga nyaya mbili, ndiyo iliyokuwa kipimo chake, akaigusisha, ikawaka. Umeme ulifika kwenye geji bila tatizo. Akamwambia Damas akae kwenye kiti cha dereva aangalie mshale, kisha yeye akaingia chini, upande wa kushoto, kwenye tenki.

Tenki la lori lile lilikuwa na boya la kupimia mafuta ndani yake, na boya hilo liliingizwa kwa ubavuni, si kwa juu, kwenye tundu lililofunikwa kwa bamba la duara lenye skrubu sita. Tundu lenyewe lilikuwa chini, karibu na sakafu ya tenki. Twalibu aliichomoa waya iliyoshuka kutoka kwenye geji, akaigusisha kwenye chuma cha chesisi. Damas akaita kutoka ndani kwamba mshale umepanda mpaka mwisho. Twalibu akaitoa, mshale ukalala. Akaigusisha tena, ukapanda.

Basi geji ilikuwa nzima, na waya nzima, na hakuna mkono uliokata kitu. Nilimwona Veneranda akishusha pumzi. Nami nilifurahi, ingawa sikujua bado nafurahia nini.

Twalibu alirudi kwenye lile bamba. Pembeni yake pote palikuwa na mstari wa manjano. Alikwaruza kwa ukucha, akanusa. Akafungua skrubu ya kwanza: imezungushiwa pamba iliyochovywa kwenye kitu kilekile cha manjano. Ya pili vivyo hivyo, na zote sita. Alipolitoa bamba, kati yake na tenki palikuwa na kibandiko kizima cha nta ya nyuki. Kwa nje kilikuwa kigumu. Kwa ndani kilikuwa kimelegea kama uji, na upande wa chini kimekwisha kabisa, tundu la kupitisha kidole.

Alitoka chini ya lori na nta mkononi. Watu walikuwa wamejaa, labda themanini. Akawaeleza kwa maneno ya kawaida, na kwa hilo alikuwa mwalimu mzuri akitaka: umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye geji, unashuka kwa waya hadi kwenye boya, halafu lazima urudi nyumbani kupitia chuma cha tenki. Nta haipitishi umeme. Mliziba pande zote na skrubu zote, ukakosa pa kurudia, na geji ikalala siku hiyohiyo ya matengenezo. Dereva alisema kweli kuhusu geji. Kisha, kwa kuwa alikuwa Twalibu, hakuishia hapo.

"Sasa niambieni," akasema. "Ni mpumbavu gani aliyeziba tenki la dizeli kwa nta?"

 Nami hapo ndipo nilipomwona Mayala.

Mayala alikuwa mrina asali wa Tupendane. Mara mbili kwa mwaka alikuja Tabora na mabonge ya nta, na mimi ni mteja wake, kwa sababu uzi ukiupitisha kwenye nta haukatiki kwenye kanzu nzito. Mwezi wa tatu alikuja na bonge lake, akakaa kwenye ngazi yetu. Akamwuliza Twalibu: Fundi, kile kifuniko cha boya cha lori letu kinavuja, gasketi zimetafutwa hadi Mwanza hakuna, tukizibe kwa kitu gani? Twalibu alikuwa ameinama, lenzi jichoni, akihangaika na saa ya muuguzi mmoja. Akajibu bila kuinuka, "Una nta mkononi halafu unaniuliza mimi? Ziba." Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na Mayala akacheka pia, akaondoka ameshukuru.

Sasa alikuwa amesimama nyuma ya watu, kofia mkononi, akitazama miguu yake. Twalibu alirudia swali kwa ukali zaidi. Mayala akapita katikati ya watu akaja mbele.

"Ni mimi, Fundi," akasema.

Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akamwuliza Mayala ni nani aliyemfanya fundi wa magari, mwingine akasema mtu wa mizinga abaki na mizinga.  Mayala alikuwa na jibu, na lilikuwa fupi, na kila mtu angelielewa; hakulitoa. Twalibu alikuwa mgeni wao na mkubwa kwake kwa umri, na mtu wa kule hamwumbui mgeni mbele ya kadamnasi hata kama mgeni mwenyewe anajiumbua. Twalibu alimtazama, akaanza kukunja uso, kama anayetafuta mahali alipoiona sura hii. Halafu akanigeukia mimi. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila alikisoma kilichokuwamo.

"Mwezi wa tatu," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Barazani kwetu. Alikuuliza."

 Twalibu akakaa kwenye bampa la lori, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikaa kabla kazi haijaisha.

Damas, maskini, hakuelewa yaliyopita kati yetu. Alikuwa na swali lake na lilikuwa swali la haki. Akasema: sawa, geji haikukatwa. Lakini kijiti hakikudanganya. Madebe karibu matatu hayapo. Yako wapi?

Twalibu alijibu kwamba atamwambia baada ya chakula. Akaomba kikombe cha bati. Akachota masalio ya dizeli kwenye tenki, akatia kipande cha nta safi alichopewa na Mayala, kipande cha kujaa kiganja, akakiweka kikombe juu ya boneti ya lori juani. Akamwomba Damas aweke mtu wa kukilinda, ili isije ikasemwa baadaye kwamba kilichezewa. Halafu akaenda tena upande wa kushoto, akapiga magoti, akapitisha kidole ubavuni mwa tenki, chini yake, na kwenye madigadi ya gurudumu la nyuma. Upande wa kulia vumbi lilikuwa jepesi, ukilipuliza linaruka. Upande wa kushoto lilikuwa limeganda nene kama chapati, na lilinuka dizeli. Watu wote wa kijiji walikuwa wamepita kando ya lori lile siku nne. Gari la barabara zetu lina vumbi siku zote, nani angelitazama.

Tulikula ugali na mlenda nyumbani kwa Damas. Twalibu hakula. Nilimwambia kwamba hata mimi nilicheka siku ile. Akaniambia kucheka si kujibu.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala, jua lilipoanza kupungua makali. Modest aliletwa akasimama karibu na mlango, mgambo kando yake. Twalibu alikishika kikombe akakizungusha watu wakione. Ile nta haikuwa tena kipande; ilikuwa imekuwa ute, nusu imekwisha ndani ya dizeli. Akaeleza. Lori lilipotiwa madebe sita usiku, kulikuwa na baridi na nta ilikuwa imara, haikudondoka hata tone. Asubuhi lori likaingia barabarani, jua likapanda, dizeli ikapata joto, ikaanza kuila nta kutoka ndani, na mashimo ya njia yakamalizia. Dizeli ikamwagika njia nzima, hadi iliposhuka chini ya usawa wa tundu. Kilichobaki chini ya tundu ndicho kilichomrudisha dereva nyumbani, na ndicho kilicholowesha ncha ya kijiti. Geji, ambayo ingemwonya, ilikuwa imelala kwa sababu ya nta hiyohiyo.

"Huyu mtu hakuiba," akasema. "Si debe, si kibaba. Andika hivyo, Ndugu Katibu."

Damas aliandika. Kisha akainua kalamu, akasema itabidi pia iandikwe nani alifanya kosa hilo, kwa ajili ya ripoti ya wilaya. Mayala alianza kuinuka.

"Kaa, Mayala," Twalibu akasema. "Andika jina langu. Twalibu bin Mfaume, fundi saa, Tabora. Huyu alikuja kwangu mwezi wa tatu kuniuliza azibe kwa kitu gani, nikamwambia kwa nta. Aliniambia anaziba kifuniko cha boya, sikutia maanani. Kwangu nyumbani mke wangu huchanganya nta na mafuta ya taa, akapaka viti ving'ae. Kila Idi namwona. Nilijua kwamba nta huyeyuka kwenye mafuta. Nilijua, nikajibu bila kumtazama. Na leo mchana nimemwita mpumbavu mbele yenu, na huyu mwingine nimemwita mwizi mbele ya mke wake, kwenye garimoshi. Naomba radhi kwa wote wawili. Kwako pia, mama."

Nilitaka ardhi inifunike, na wakati huohuo nilijivunia kuwa rafiki yake.  Bibi mmoja aliyekaa mbele akamwuliza Twalibu, kwa upole kabisa, siku hiyo alikuwa na kazi gani kubwa hivyo hata asiinue kichwa. Twalibu akamjibu kuwa ilikuwa saa ya kike, na hata hiyo haikupona. Baadhi ya watu walicheka, na kwa kicheko hicho mkutano ukalegea. Mwenyekiti wa kijiji akasema mambo yamekwisha, mgeni amekiri kiungwana, kosa si la mtu wa Tupendane, na dereva arudi kazini kesho. Yaani alisema vile viongozi wanavyosema wanapotaka watu watawanyike. Damas alitoa ufunguo wa lori mfukoni, akamwendea Modest, akaunyosha.

Modest aliutazama ufunguo. Mikono yake ilibaki ilipokuwa.

"Mtafute dereva mwingine, Ndugu Katibu," akasema. "Mimi nipeni shamba kama watu wengine."

Damas akadhani ni hasira ya siku moja. Akamwambia kijiji kizima kimesikia sasa, jina lake ni safi, hakuna anayemtuhumu tena. Na Twalibu, ambaye alikuwa ameanza kukusanya vikoleo vyake, aliviacha akaja. Hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomwona Twalibu akimbembeleza mtu. Alimwambia Modest kwamba lawama yote ni yake yeye Twalibu. Lori halina kosa, watu hawa hawana kosa, walipotoshwa. Hasira azimwage kwake.

"Wewe sina hasira nawe, mzee," Modest akamjibu. "Ulikosea kwa neno moja, umefika umeona, siku hiyohiyo umelisema. Wewe hukunijua. Hawa miaka mitano nimewabebea wagonjwa wao, maiti zao, maharusi wao. Siku nne nilikuwa ghalani. Mgambo aliyenilinda ni baba wa ubatizo wa mwanangu. Hakuna hata mmoja aliyekuja dirishani kuniuliza, Modest, ni kweli?"

Damas alibaki amenyosha ule ufunguo. Watu themanini wakawa wanatazama chini, na mgambo yule akaegemeza gobole lake ukutani akaondoka. Veneranda alimshika mumewe mkono wakaelekea nyumbani kwao. Sisi tulilala kwa Mayala. Mimi nilipima watoto wa shule asubuhi, na Twalibu alikata gasketi kwa ngozi ya mbuzi aliyoichagua mwenyewe, akalifunga bamba, akazikwangua skrubu sita mpaka zikang'aa, geji ikaamka.

Alikwenda Tupendane mara tatu zaidi kabla ya mwaka kwisha, kwa nauli yake, akidai anakagua ile gasketi. Kila safari alikwenda kwanza shambani kwa Modest, wakakaa, wakazungumza habari za mvua na za bei ya tumbaku. Modest alimkaribisha vizuri kila mara, akampa na kuku siku moja. Suala la lori halikuguswa.

Kijiji kilipata dereva kutoka Sikonge, kijana mwepesi, hodari wa honi. Njia ya kutokea Usinge ilikuwa na bonde moja la udongo mweusi, na masika ilipoingia lori lilinasa pale karibu kila wiki, jirani kabisa na shamba la Modest. Likinasa, Modest alikuwa akiweka jembe chini, anakuja, anakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, anamwelekeza kijana lini akanyage mafuta na lini aache, kisha anaweka bega nyuma na wenzake na kusukuma. Likitoka, alinawa matope kwenye dimbwi akarudi kulima, na watu walipanda juu ya mzigo wakaenda zao bila kujua wamwambie nini.